Geti lilifunguliwa upande mmoja, tusiambiwe hatuna ustaarabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Najua barua hii ni ndefu. Ikibidi uikate, ikate huku mwanzoni, habari ya geti uiache kama ilivyo.

Wiki mbili zilizopita msomaji wako mmoja wa Dar es Salaam aliandika kuhusu tamasha la muziki lililofanyika uwanjani hapa kwetu Kigoma. Kwa maelezo yake mwenyewe alikaa mbele, kwenye viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe. Aliona watu wanasukumana getini, akarudi kwao na kutuandikia kwamba sisi wa mikoani hatujazoea mambo makubwa, na kwamba muziki wa uwanjani unataka watu wenye ustaarabu. Barua ile nilisomewa na kijana wa duka la jirani huku napima dagaa. Nikamwambia arudie. Aliporudia nikaona nisipojibu sitalala.

Mimi nilikuwepo siku ile. Nilikata tiketi ya mzunguko, ile ya watu wa kawaida, na nilirudi nyumbani na kiatu kimoja. Tarehe 13 Februari 2011 pia nilikuwepo Johannesburg, kwenye tamasha la roki lenye watu zaidi ya 90,000, na nikarudi nilikofikia na viatu vyote viwili, ila sauti ndiyo ilikuwa imekauka. Nadhani ninaruhusiwa kulinganisha.

Nina miaka 61 na nafanya biashara ya dagaa Kibirizi. Anayetaka kucheka kwamba bibi wa dagaa anazungumzia roki, acheke kwanza, tutamsubiri.

Roki haikunifikia kwa kusoma wala kwa kwenda Ulaya. Ilinifikia kwa meli. Mjomba wangu alikuwa mpakia mizigo katika Liemba miaka ya 70. Meli ile ilikuwa inashuka Ziwa Tanganyika hadi Mpulungu, upande wa Zambia, na Zambia ya wakati ule vijana walikuwa wameshika magitaa ya umeme na kupiga roki yao wenyewe, wengine kwa Kiingereza, wengine kwa lugha za kwao, gita linakwaruza kama msumeno uliokutana na msumari. Leo muziki ule una jina, unaitwa Zamrock, na santuri zake za zamani zinatafutwa na watu wa mbali kwa fedha nyingi. Sisi hatukujua jina. Tulijua tu kwamba mjomba akirudi, ndani ya blanketi lake kuna santuri mbili tatu za bendi za kule: za WITCH, za Amanaz. Nyumba ya jirani wanapiga Tabora Jazz, kwetu linalia gita la msumeno. Mama alisema ni ngoma ya mashetani, lakini alikuwa akichambua mchele kwa mapigo yake, nilimwona.

Na wale wanaosema roki ni ya Wazungu watupu, nawakumbusha kwamba Freddie Mercury wa bendi ya Queen, yule aliyewafanya watu wapatao 72,000 pale Wembley mwaka 1985 wapige makofi kama mtu mmoja, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Basi na tuendelee.

Mwaka 2011 mdogo wangu wa kiume alikuwa anaishi Johannesburg, mtaa wa Yeoville. Pale Wakongo ni wengi, soko lao liko barabara inayoitwa Rockey, na si utani. Wakongo na dagaa wa Tanganyika mnajua wenyewe. Akanipigia simu: dada, lete magunia mawili uone. Nikapanda Liemba mpaka Mpulungu, nikashika basi hadi Lusaka, kutoka Lusaka tukapita Harare hadi mpaka wa Beitbridge. Afisa mmoja mpakani alifungua gunia la kwanza, akalifunga upesi, la pili hakuligusa. Niliuza yote kwa siku tatu. Siku ya nne mdogo wangu akaweka mezani tiketi mbili za U2, bendi ya roki ya Ireland. Alilipa kiasi gani hakunitajia hadi leo, na mkewe naye hakutajiwa.

Kabla ya kuwafikisha uwanjani niwaeleze jambo moja la mdogo wangu, maana barua yangu yote imesimama hapo. Wakati wa Kombe la Dunia la 2010 alipata kibarua cha kuongoza watu uwanjani, wale wanaovaa vizibao vya kung'aa. Walipewa mafunzo kwanza. Usiku mmoja pale Yeoville alichukua chaki akachora sakafuni mraba wa mita moja kwa mita moja, akatuambia tusimame ndani: mimi, mkewe, Mkongo wa chumba cha pili na mkewe. Watu wanne. Tukasimama vizuri, kila mtu anaweza kugeuka. Akaita wengine wawili kutoka kwenye korido. Watu sita. Nilijaribu kuinua mkono nijikune pua, ukakwama kwenye tumbo la Mkongo. Tukacheka sana. Yeye hakucheka. Akamsukuma mmoja wa pembeni kwa kidole tu, na sote sita tukayumba, mimi nikajikuta nje ya chaki bila kuamua kutoka.

Akasema: hapo sasa hamna watu, hapo pana maji. Watu wakishafika watano, sita kwa mita moja ya mraba, hakuna anayeamua anakwenda wapi. Wa nyuma anasukuma kidogo tu akidhani mbele kuna nafasi, na msukumo ule unakusanyika njiani mpaka unamfikia wa mbele kama tani. Wanaokufa, alisema, wengi hawafi kwa kukanyagwa. Wanakufa wamesimama. Kifua kinabanwa, pumzi ya kutoka inatoka, ya kuingia haipati pa kuingilia.

Walifundishwa kwa mifano. Mmoja ulikuwa wa Marekani, mji wa Cincinnati, Desemba 1979, onyesho la bendi ya roki ya The Who. Viti vingi havikuwa na namba, anayewahi ndiye anayekaa, kwa hiyo watu walijaa nje mapema, na milango iliyofunguliwa ilikuwa michache. Wakiwa pale nje wakasikia bendi inajaribu mitambo ndani, wakadhani onyesho limeanza. Wakasukuma. Walikufa watu 11, na hakuna hata mmoja aliyekuja kufanya fujo. Mfano wa pili ulikuwa wa hapo hapo Johannesburg, uwanja wa Ellis Park, tarehe 11 Aprili 2001, Kaizer Chiefs na Orlando Pirates: watu 43. Ndiyo maana, mdogo wangu alisema, wenzetu hawa ukiwaona wanapanga foleni usidhani walizaliwa hivyo.

Haya, uwanjani. Unaitwa FNB, ndipo ilipochezwa fainali ya Kombe la Dunia Julai 2010, na kwa nje umejengwa kwa mfano wa kibuyu. Kweli kabisa kibuyu, na rangi zake za udongo, kahawia na kahawia iliyoungua. Tulishuka kwenye treni stesheni ya Nasrec tukafuata watu. Kwenye tiketi yangu paliandikwa geti, sehemu, mstari na kiti. Nilishangaa: yaani katika watu 90,000 kuna mtu aliyekaa akafikiria makalio yangu mimi yatawekwa wapi. Kila hatua hamsini yupo kijana wa kizibao, unamwonyesha tiketi, anakuelekeza kwa mkono. Hakuna aliyepiga kelele. Kwenye geti letu tulisimama kama dakika kumi na tano. Pembeni yetu mageti mengine, na mengine, yamezunguka kibuyu chote.

Ndani nikaona jukwaa, nikasimama ngazini mpaka watu wa nyuma wakaniomba radhi wapite. Halikuwekwa upande mmoja kama tulivyozoea. Liko ndani ya uwanja na watu wamelizunguka pande zote. Juu yake imesimama miguu minne ya chuma iliyopinda kama buibui, urefu wake kama mita 50. Wazungu waliiita kucha. Katikati inaning'inia skrini ya duara. Baadaye, bendi ikiwa inapiga, skrini ile ikaanza kushuka na kurefuka, vipande vyake vinaachana, katikati panabaki matundu, picha bado inaonekana. Mtu wa Kigoma aliyewahi kuona wavu wa dagaa unavyofunguka majini chini ya karabai hahitaji maelezo zaidi. Nilimshika mdogo wangu mkono nikamwambia, tazama, wametega.

Walitangulia kupiga Amadou na Mariam, mume na mke kutoka Mali, wote wawili vipofu. Amadou amefariki mwaka 2025, Mungu amrehemu. Siku ile watu wengi walikuwa bado wananunua bia na hawakusikiliza sana, lakini mimi kwa upande wangu lile gita ndilo lililonirudisha Mwanga, mtaa wa hapa Kigoma, kwenye blanketi la mjomba. Lilikuwa linakwaruza vile vile. Nilisimama peke yangu kwenye mstari wetu nikacheza, na mama mmoja wa Soweto kiti cha tatu akasimama naye, hatujuani, hatuna lugha moja, tukacheza.

U2 walipoingia giza lilikuwa limeshika. Sitawadanganya kwamba nilikuwa najua nyimbo zao zote. Nilijua mbili, za redioni. Lakini jambo ambalo redio haikuambii ni kwamba uwanjani ngoma huisikii kwa masikio kwanza. Inakugonga hapa, chini ya titi, kama mtu aliyebisha hodi. Halafu kuna jambo la ajabu: sisi tulikuwa juu na mbali, na nikaona mpiga ngoma anapiga, mkono umeshafika chini, sauti inakuja baadaye kidogo. Nikadhani mitambo ina kasoro. Mdogo wangu akasema, dada, sauti inatembea mita kama 340 kwa sekunde, picha inawahi. Nikakumbuka akina mama wanaofua ng'ambo ya ghuba yetu asubuhi, unaona nguo imeshagonga jiwe, kishindo kinakuja wakati mkono umeshapanda tena. Basi kumbe nilikuwa nalijua jambo lile tangu utotoni.

Kulikuwa na wimbo mmoja wa taratibu, uwanja ukazimwa taa, na watu wakawasha simu zao. Mimi nina miaka mingi ya kutazama ziwa usiku likiwa na taa za wavuvi kutoka Kibirizi hadi unapoishia uwezo wa macho. Niliona ziwa. Nikalia kidogo, si sana. Mzee wa Kizungu aliyekaa mbele yangu alikuwa analia sana, mkewe anampapasa mgongo.

Yalikuwepo ya kuudhi pia. Foleni ya choo cha wanawake ilinikosesha wimbo mzima. Kijana alinimwagia bia kwenye kitenge akaniomba msamaha mara nne. Maji ya chupa bei yake ilikuwa ya kuuza kuku.

Lakini nilichokwenda kukiona bila kujua ni mwisho. Muziki ukaisha, taa zikawaka, na wale watu 90,000 wote wakasimama kwa pamoja. Nikakumbuka chaki. Nikamwuliza mdogo wangu: sasa tunatokaje? Akasema: kwa kutembea. Na kweli. Tulishuka kwenye njia pana, njia ikagawanyika, ikagawanyika tena, kila tawi na mlango wake wazi, na kabla sijawa na hofu nilikuwa nje, upepo unanipiga. Stesheni walituzuia makundi makundi ili behewa lisizidiwe. Watu wanaimba. Hakuna aliyenikanyaga hata kidole. Walevi walikuwepo, tena wengi, kwa hiyo habari ya ustaarabu tuiweke kando kwanza.

Sasa nakuja nyumbani.

Tamasha la hapa liliangukia wakati wa mbalamwezi. Msomaji wa Dar es Salaam hawezi kujua maana yake, na aliyepanga tarehe hakuuliza. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawavutwi na taa, wavuvi hawaendi ziwani. Kwa hiyo kila kijana wa Kibirizi, Katonga na Ujiji alikuwa nchi kavu, ameoga, ana fedha mfukoni. Angeulizwa mtoto yeyote wa pwani ya ziwa hili, angesema siku hiyo watu watajaa.

Nilikwenda na mjukuu wangu wa darasa la saba. Ndiye aliyemtaka yule msanii, mimi nilitaka spika. Tulifika saa 11 jioni, wakati geti linafunguliwa. Tangazo lilisema muziki saa 12. Geti la mzunguko lina milango miwili ya chuma ya rangi ya buluu. Mlango wa kulia ulikuwa umefungwa kwa mnyororo na kufuli. Wa kushoto ulifunguliwa nusu, mgambo ameuzuia kwa goti. Nyuma yake kijana mmoja anapokea tiketi, anaichana, anatupa kipande kwenye ndoo ya rangi. Kijana mmoja. Ndoo moja.

Hatukujipanga haraka, tulisimama kwa mama wa karanga tukisubiri watu wapungue, na mimi kwa mazoea nikahesabu. Mtu aliyepima dagaa kwa sado miaka 30 hawezi kuona vitu vinapita bila kuvihesabu. Dakika ya kwanza waliingia 18. Ya pili 21. Ya tatu 19. Tuseme 20. Kwa saa moja ni watu 1,200. Msomaji wako ameandika kwamba watu walikuwa maelfu. Sitagombana naye, tuseme walikuwa 5,000 tu. Kuwaingiza 5,000 kwa mwendo ule ni saa nne na dakika kumi. Kwa hiyo aliyefika saa 11 akiwa wa mwisho, mwenye tiketi aliyoilipia, mwenye ustaarabu wake wote, angeingia saa tatu na dakika kumi usiku, ikiwa yule kijana hatakwenda kujisaidia.

Watu hawakupungua. Waliongezeka. Saa 12 kamili ndani mtu akawasha mitambo, besi ikapiga mara tatu. Nilisikia nywele zinanisimama. Si kwa raha. Nilisikia Cincinnati. Na hapo hapo, umati wote nje ukasogea hatua moja mbele.

Wakati huo na sisi tulikuwa tumeshaingia katikati, na hilo kosa ni langu. Nilidhani tukikaa kando tutakosa kabisa. Hatua ya kwanza ilinisogeza. Ya pili ilinivua kiatu. Trei ya mama wa karanga nikaiona inapita juu ya vichwa, tupu. Mjukuu alikuwa mbele yangu, nimemshika mabegani, akanigeuzia uso akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayetoa taarifa: Bibi, miguu yangu haigusi chini.

Nawaomba wasomaji wenye watoto wasome sentensi ile mara ya pili.

Waliotuokoa hawakuwa mgambo. Mgambo alikuwa anapiga walio mbele kwa fimbo ili warudi nyuma, na walio mbele hawana pa kurudi. Walikuwa vijana wanne watano wa Kibirizi, nawajua kwa sura, nawanunulia dagaa. Mmoja akapiga kelele ile ya kuvuta wavu. Mnaijua: mmoja anaanza, wengine wanaitikia, wote wanavuta kwa pamoja. Ila safari hii badala ya kuvuta walikuwa wanasema rudi. Rudi! Rudi! Wa nyuma yao wakaidaka, wa nyuma zaidi wakaidaka, mpaka kule mwisho kwenye bodaboda ambako hakuna aliyekuwa anajua kinachotokea huku mbele. Na umati ukarudi. Kidogo kidogo, kwa mapigo, kama mashua inavyosukumwa majini. Mjukuu wangu akainuliwa, akapitishwa mikononi mwa watu juu ya vichwa pamoja na watoto wengine, akawekwa chini kule nje kando ya ukuta. Hakuna aliyemshika vibaya. Nilimkuta ameketi, anakula karanga alizoziokota.

Hao ndio ambao, Ndugu Mhariri, gazetini kwako wameitwa watu wasio na ustaarabu.

Kufuli lilifunguliwa saa mbili na nusu. Mwenye ufunguo alipatikana anakula chipsi mayai upande wa pili wa uwanja. Mlango wa kulia ulipofunguka, na vijana wengine wawili wakaongezwa kuchana tiketi, nilihesabu tena: 70 kwa dakika. Baada ya nusu saa pale nje palibaki bodaboda na maganda. Kwa watu wale wale, mji ule ule, ustaarabu ule ule.

Muziki wenyewe sitauandika sana. Msanii alipanda saa tano usiku, akaimba vizuri, mjukuu akasahau yote. Spika zilikuwa zote mbele zimeelekezwa kwenye vitambaa vyeupe, sisi wa mzunguko tulipata besi na mwangwi. Ningeweza kuandika barua nyingine kuhusu hilo.

Kuna mtu ataniambia, bibi unakuza mambo, mbona hakufa mtu. Tabora si mbali na hapa, reli ni moja. Siku ya Idd, tarehe 1 Oktoba 2008, watoto walikwenda kwenye disko lao ukumbini, wamevaa nguo mpya. Walikufa wapatao 20. Mwaka ule mimi nilikuwa napeleka mzigo Tabora kila mwezi. Mteja wangu mmoja wa pale sokoni alikuwa na mtoto aliyenusurika, na kwa muda mrefu mtoto yule hakuweza kukaa kwenye chumba mlango ukiwa umefungwa. Ukitoka kwenda uani unauacha wazi, la sivyo anapiga mayowe.

Kwa hiyo ninachoomba hakigharimu fedha nyingi, na sikiombi kwa waandaaji wale peke yao, naomba kwa kila anayetoa kibali cha kukusanya watu. Kabla tiketi haijauzwa, mtu aende getini na saa, ahesabu wanapita wangapi kwa dakika moja, afanye hesabu niliyofanya mimi kwenye trei ya karanga. Mwenye ufunguo asimame kwenye kufuli, ale chipsi zake pale pale. Mitambo isijaribiwe kwa kishindo wakati watu wako nje. Na kwa hapa kwetu, atazame mwezi kwanza.

Msomaji wa Dar es Salaam namkaribisha tena Kigoma. Aje tamasha lijalo, nitamlipia mimi tiketi, ya mzunguko, tutaingia pamoja.

Mwisho, kiatu changu ni cha kushoto, cheusi, cha ngozi, kina kifungo cha shaba pembeni. Mdogo wangu ndiye aliyeninunulia Johannesburg ile wiki ya tamasha, na kimekaa miaka yote hiyo bila kuachia soli. Aliyekiokota anipatie, nipo Kibirizi kwenye vichanja kila siku asubuhi. Cha kulia bado ninacho.

Wako,
Bibi wa Dagaa,
Kibirizi, Kigoma.